Mianzi ya Mwenye Nyumba

Nilimpiga mwenye nyumba wangu kwa mchi wa sombe kabla hata sijamwamkia. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda juu ya ziwa, nami nilikuwa uani natwanga hiyo sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nikasikia panga. Mtu aliyezaliwa kwetu haambiwi sauti ya panga linalokata kitu kibichi ikoje. Niliinua kichwa nikamwona ameinama ukingoni mwa mto, nyuma ya jiko langu, anakata mianzi niliyoipanda. Alikuwa ameshamaliza mitano. Nilimwendea na mchi mkononi, majani yameganda kwenye ncha yake, nikampiga begani kwa nguvu zangu zote. Tangu siku ile nimemwomba msamaha mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nadanganya.

Hakuanguka. Mzee yule alikuwa na mifupa ya watu wa zamani. Aligeuka, panga likageuka naye, nami nikakinga kwa mkono wa kushoto. Ndiyo maana vidole vyangu viwili havikunjiki mpaka leo, na ndiyo maana natwanga kwa mkono mmoja. Damu iliruka ikampata usoni. Tukabaki tunatazamana, yeye anapepesa macho kwa sababu ya damu yangu, mimi bado nimeshika mchi. Mama yangu alikuwa anaona yote kupitia dirisha lililo juu ya kitanda chake, na alichosema ni kwamba nimpige tena.

Ndivyo tulivyo. Nimesikia watu wakisimulia habari za kupanda miti kwa sauti ya upole, kana kwamba miti hupandwa na malaika. Mimi nilipanda yangu kwa hasira na kuitetea kwa hasira, na aliyeikata naye alikuwa na hasira zake, nitazieleza.

Mama na mimi ni watu wa Lubarika, katika bonde la Ruzizi. Tulifika Rugenge, mtaa wa mjini kando ya ziwa, na godoro moja na sufuria mbili. Siku tuliyokimbia, mtu mwenye bunduki, ambaye sikujua ni wa kundi gani na sina hamu ya kujua, alimpiga mama kiunoni kwa kitako cha bunduki kwa kuwa alikuwa anatembea pole pole. Baada ya hapo mama hakutembea tena, iwe pole pole au haraka. Nilimbeba mgongoni mpaka barabara kubwa, na njia nzima alikuwa akinilaumu kwamba nimesahau kinu.

Nyumba tuliyopangishwa ilikuwa na vyumba viwili, na chumba cha nyuma, chenye hewa, nilimpa yeye. Nyuma ya chumba hicho kuna mto. Kiangazi mto huo unavukwa na kuku. Lakini mvua ikinyesha milimani, unashuka na mawe makubwa kuliko mbuzi, na unayasikia yakigongana kabla hujaona maji. Huko juu miti imekwisha. Imekuwa makala, mkaa wa kupikia, na makala hayo nimeyapikia mimi pia, kwa hiyo simnyooshei mtu kidole, ingawa viwili vyangu siku hizi vimenyooka muda wote.

Mwaka wetu wa pili mto ulipanda Jumapili mchana, watu wametoka kanisani na nguo zao nzuri. Ulichukua jiko, ukachukua choo, ukachukua udongo kipande kwa kipande, nami nimesimama naangalia kwa sababu hakuna kingine cha kufanya mbele ya kitu kama kile. Nyumba ya ng'ambo iliondoka na watu wanne ndani. Niliona mikono. Niliingia chumbani nikamfunga mama mgongoni kwa kitenge, lakini alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili akakataa kuachia. Nilimpiga vidole. Namwandika mama yangu mzazi hapa, nilimpiga vidole ili aachie, naye hakuachia. Tulibaki hivyo mpaka maji yaliposhuka.

Kesho yake watu walienda kuokota maiti ziwani, kwenye matete, kati ya chupa za plastiki na mbao za vitanda vya watu. Mama wa nyumba ya ng'ambo tulimtambua kwa kitenge. Niliporudi nilipima kwa miguu. Kutoka ukuta wa chumba cha mama mpaka ukingoni zilikuwa hatua ishirini na mbili tulipohamia. Sasa zilibaki saba. Nilimwambia mama tutafute pengine, hata kama ni kulala kwenye darasa la shule. Alikuwa amelala ameutazama ukuta.

"Minye nimekimbia mara ya mwisho," alisema. "Kama muto unanitaka, unikute hapa."

Namjua mama. Lililobaki lilikuwa zile hatua saba. Zikiisha, mama ameisha.

Ni yeye aliyenikumbusha mianzi, na hakunikumbusha kwa wema. Alisema nilikuwa mtoto mvivu, ndiyo maana sikumbuki jinsi baba alivyoushika mfereji wa mpunga kule kwetu: mahali maji yanapokula, unachimba shina la mwanzi, unalilaza kwenye udongo uliolowana, unamwagilia, unaliacha. Mizizi yake inasukana chini kwa chini mpaka huwezi kupitisha hata kisu. Basi nikaanza kupanda mlimani kila Jumamosi, kwenye bonde dogo ambako mianzi ya porini ilibaki kwa sababu hakuna aliyeona faida ya kuichoma makala. Nilichimba kwa jembe na kwa kucha. Shina moja lenye udongo wake ni zito kuliko ndoo ya maji, kwa hiyo nilishuka na mawili tu, moja kichwani na jingine nimelifunga mgongoni pale alipokuwa akikaa mama.

Watu walinicheka sana. Jirani mmoja aliniuliza kama ninaumwa, risasi zinalia kila wiki na mimi niko napanda majani. Nilimjibu tusi ambalo siliandiki. Ukweli ni kwamba sikuwa na matumaini, kama neno hilo lina maana ya kuona mbele kuna kitu kizuri. Nilikuwa na mashina mawili kila Jumamosi. Nikaacha pia mbabula ya chuma, jiko letu la makala, nikafinyanga ya udongo inayotunza moto, gunia la makala likawa linatufikisha mwezi ambao zamani halikufikia nusu yake. Mama alisema ugali unachelewa. Nikamwambia mlima nao unachelewa kuota.

Kosa langu lilikuwa kupanda kwa mstari.

Msomaji wa mbali ataona ni jambo dogo. Kwetu si dogo. Mtu akikupa udongo wa kulima, au akikupangisha, unapanda kitu cha msimu mmoja: maharage, lengalenga, viazi vitamu. Unavuna, unaondoka, udongo unabaki wa mwenyewe. Hupandi kitu kitakachoishi kuliko wewe. Anayepanda mti anasema udongo ni wake, hata kama hajafungua mdomo. Na anayepanda kwa mstari, mmoja baada ya mwingine kama kamba iliyovutwa, anasema zaidi, kwa sababu hivyo ndivyo mpaka unavyowekwa. Nilijua hayo yote. Baba yangu alinifundisha kabla sijajua kusoma. Lakini nilidhani mambo ya mashamba yamebaki mashambani, tuko mjini, na ukingo wa mto ni wa serikali au wa Mungu. Tena nilipenda uzuri wake. Nilivuta kamba kweli. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilijipa jembe mwenyewe, nikapewa panga.

Baada ya kushonwa mkono tulipelekwa kwa shefu wa avenyu, mtu mpole anayeamua ugomvi wa mtaa wetu akiwa ameketi chini ya mabati ya baraza lake. Mwenye nyumba alikuja na bega limevimba, mimi na bandeji mpaka kwenye kiwiko. Watu walijaa, maana burudani ni chache. Shefu aliniuliza kwanza nani aliniambia nipande. Nikamwambia mto. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Kisha akamgeukia mzee, akamuuliza kwa nini hakuja kuzungumza kabla ya kushika panga.

Mzee yule alikuwa mtu wa Mutarule, mjane, watoto wake wote wako upande wa pili wa mpaka. Kwa miaka miwili nilikuwa nimemsikia akisema maneno mawili tu, "ndiyo" na "mwezi", akija kudai kodi. Siku ile alisimama akaongea.

"Baba yangu aliazimisha muntu shamba," alisema. "Akamwambia, lima maharagi. Yule muntu akapanda avoka kumi, kwa musitari. Siku avoka zilizaa, shamba likawa lake, na ndugu yangu akakufa juu ya hiyo shamba. Walimukata mbele yangu. Muntu wa bunduki anachukua udongo leo, kesho anakimbia, anauacha. Muti haukimbie."

Mimi sikuguswa, nisijifanye mwema. Nilikuwa na maumivu mpaka kwenye kwapa, na nilichokisikia ni kwamba ndugu yake aliyekufa zamani ana uzito kuliko mama yangu aliye hai. Nilimwambia shefu achukue kalamu.

"Andika kama ile miti yote iko yake," nilisema. "Andika na watoto wake, na wajukuu wake. Minye sitaki muti. Nataka ule ukuta usimwangukie mama yangu."

Nilisema ili kumtukana. Nilitaka aone aibu mbele za watu. Lakini shefu aliandika kweli, akaniamuru nimwombe mzee msamaha, nikaomba, akatusainisha, mimi kwa mkono wa kulia, na mzee akaikunja ile karatasi mara nne akaitia kifuani. Nilipofika nusu ya njia ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Jasho langu lote la Jumamosi nilikuwa nimempa mtu aliyenikata. Nilikaa kwenye jiwe nikalia, na watu walipita wakidhani nalia kwa ajili ya mkono.

Mama alinitukana siku tatu. Siku ya nne akaniita dirishani. Ile mianzi mitano iliyokatwa ilikuwa imetoa machipukizi, kila shina mawili matatu, membamba, ya kijani, yamesimama wima. Nadhani hapo ndipo matumaini yaliponiingia, na yaliniudhi, kwa sababu mianzi ilikuwa yake.

Niliendelea kuimwagilia. Mtu akiniuliza kwa nini nanywesha miti ya mwingine nilimwambia aulize mto. Mzee naye akabadilika kwa namna yake. Alitoa kiti chake cha mbao akakiweka ukingoni, akawa anakaa hapo mchana kutwa akilinda mali. Mbuzi aliyetafuna jani moja alivunjwa mguu. Wanaume wawili waliokuja kuchimba mchanga chini ya ukingo aliwafukuza kwa panga lile lile, akamjeruhi mmoja kisigino, na mimi nikiwa jikoni nilifurahi. Nasema nilifurahi. Kwa misimu mitatu ya mvua hakuna mkono uliogusa mianzi ile. Ilifika urefu wa paa, ikanenepa, na hatua saba zikabaki saba.

Nyumba yake ilikuwa chini yetu kidogo, pale mto unapopinda, na nyuma yake ukingo ulikuwa mtupu. Mwanzo wa msimu wa nne alikuja mlangoni kwangu. Alikuwa amevaa shati safi. Alisalimia, akauliza hali ya mama, akazungukazunguka na maneno, mpaka akafika.

"Mama, kule nyuma ya nyumba yangu iko wazi," aliniambia mimi, akiniita mama kwa heshima. "Nilitaka unipandie na kule. Mugongo wangu hauiname tena."

Niliangalia vidole vyangu.

"Miti iko yako, mzee," nilimwambia. "Panda mwenyewe."

Aliitikia kwa kichwa, akaenda. Hakuomba mara ya pili, na mimi nilirudi kwenye mbabula yangu nikiwa nimeshiba kama niliyekula nyama. Hasira hasara, tunawafundisha watoto, halafu sisi wenyewe tunasahau.

Kisha vita ikaingia mjini. Sitaeleza nani alikuwa anamfukuza nani, walioandika hayo ni wengi. Kwetu ilikuwa mabomu ya siku mbili, watu wakakimbilia mitumbwi na mpaka, barabara ikajaa magodoro juu ya vichwa. Mama alishika nondo za dirisha kabla sijamgusa. Nikabaki. Mzee naye alibaki, alisema hawezi kuacha mali. Siku ya tatu, saa sita mchana, waliingia uani watu sita wenye bunduki, wakiwa na mbuzi wa mtu na sufuria ya mtu, wanatafuta kuni. Waliona mianzi.

Nilikuwa ndani, mlango umefungwa, nimelala juu ya mama chini ya kitanda. Nilisikia panga likianza. Nikasikia kiti cha mbao kikisukumwa, na sauti ya mzee ikisema hiyo mianzi ina mwenyewe, ni yake, ana karatasi. Mmoja aliuliza karatasi gani. Wengine wakacheka. Halafu nikasikia kitako cha bunduki, sauti niliyoijua tangu Lubarika. Kupitia ufa wa chini ya mlango niliona miguu yake ikiwa hewani kidogo, kisha chini. Walikata mwanzi wakampiga nao mpaka ukapasuka, wakachukua mwingine. Kila walipompiga alisema tena kwamba ni yake, mpaka sauti ikawa haina maneno.

Mama alitaka kupiga kelele. Nilimziba mdomo kwa kiganja cha kushoto, naye akaniuma kwenye kovu, akauma kwa nguvu, nami nikamwacha aume. Mchi ulikuwa umesimama kwenye kona ya chumba. Niliuona. Nilikuwa nimeuinua juu ya mzee yule kwa mianzi mitano, na siku ile kwa ajili ya uhai wake sikuushika.

Walipika mbuzi wao uani kwangu, wakala, wakaenda. Nilitoka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya kiwiko, meno ya mbele hayakuwapo, sikio moja limechanika. Nilimburuta mpaka ndani nikamlaza kwenye mkeka wangu. Nilipasua vipande vya mianzi waliyoacha nikaufunga mkono wake navyo, kwa kitambaa cha kitenge, jinsi walivyokuwa wakifunga watu kwetu. Alipofumbua macho alinitafuta mimi kwanza.

"Wamekata ngapi?"

"Yote ile mirefu," nilisema.

"Na mizizi?"

"Mizizi iko."

Akafumba macho tena. Alikaa kwetu wiki mbili. Yeye na mama waligombana kila siku juu ya dirisha, lifungwe au lifunguliwe, na nilipowaletea uji walinyamaza wote wawili kama watoto waliofumaniwa. Hapo ndipo nilipomwomba msamaha mara ya pili, kwa ajili ya mchi. Nilikuwa bado nadanganya, kwa sababu nilichopaswa kumwomba msamaha ni mlango uliofungwa, na hilo sikuliweza. Alipoweza kusimama aliondoka. Alisema mwenye nyumba halali kwa mpangaji.

Mjini watu walianza kurudi, na mimi nikaamua kwamba nitampandia nyuma ya nyumba yake. Sikumwambia. Nilitaka aamke aikute. Jumamosi ya kwanza niliyothubutu kupanda mlimani nilishuka na mashina mawili, nikayaviringisha kwenye gunia bichi nyuma ya mlango, nikajisemea kesho. Jumapili kulikuwa na mazishi. Jumatatu mkono uliniuma. Jumanne nilikuwa na nguo za kufua. Naziandika siku hizi moja moja kwa sababu nazikumbuka moja moja.

Jumatano, saa nane mchana, nilisikia mawe.

Mto ulikuja mwekundu, umebeba miti mizima na mizizi yake juu. Nilimfunga mama mgongoni, na safari hii aliachia nondo mwenyewe, sijui kwa nini, labda alichoka. Nilisimama naye mlangoni. Maji yalipiga ukingo wetu, yakauma udongo wa juu, na chini yake ikatokea ile mizizi, imesukana, myeupe, mingi kuliko nilivyowahi kufikiri. Maji yalijipinda juu yake yakashindwa. Hatua saba zikawa tano, zikawa tatu. Zikabaki tatu. Nilikuwa nacheka na kulia, na mama alikuwa ananipiga mabega akisema baba yako, baba yako.

Lakini maji yaliyoshindwa kwetu hayakwenda mbali. Yalielekea pale mto unapopinda, kwenye ukingo mtupu.

Mzee alitokea mlangoni mwake, mkono umefungwa kifuani na vile vipande vya mianzi. Kati yetu palikuwa na hatua kama thelathini. Nilimwita aje, nikampungia. Aliniona. Alikuja hatua mbili, akasimama, akajigusa kifuani, kisha akageuka akaingia ndani. Nilijua anafuata nini. Karatasi za kiwanja alikuwa anazihifadhi kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro, pamoja na ile ya shefu niliyoisaini mimi. Mtu aliyeona ndugu yake akikatwa kwa ajili ya udongo haachi karatasi. Nilimwita tena, nikaita mpaka koo likachanika, nikiwa na mama mgongoni na siwezi kukimbia.

Nyumba haikuanguka. Ilikaa chini taratibu, kisha haikuwapo. Safari hii sikuona mikono.

Tulimtafuta ufukweni siku nne. Tulipata bati, mlango, na kiti chake cha mbao kikiwa kizima. Yeye hatukumpata. Watoto wake walivuka mpaka wakaja, wakalia, wakauliza karatasi. Niliwaambia zilipo: majini, pamoja naye. Niliwaambia pia kwamba mianzi ni yao, iliandikwa na nilisaini, na shefu akathibitisha. Mkubwa wao aliangalia mashina yaliyokatwa, yenye machipukizi, akasema sawa, nichunge basi. Wakarudi walikotoka. Sikuwaambia kwamba baba yao aliniomba nikakataa. Mama peke yake anajua, na tangu hapo hajanitukana hata mara moja, jambo linaloniuma kuliko matusi.

Jumamosi baada ya wao kuondoka nilifungua gunia. Yale mashina mawili yalikuwa hai, yamevimba macho. Nilikwenda nayo pale palipokuwa nyuma ya nyumba yake, kwenye udongo uliobaki, nikachimba kwa mkono wangu mmoja mzima. Kabla ya kuyalaza nilivuta kamba, kutoka kona ya kwetu mpaka pale mlango wake ulipokuwa, nikahakikisha imenyooka. Jumamosi iliyofuata nilipanda mawili mengine, na nimeendelea, sasa yamefika kumi na sita. Nilirudi siku ile ya kwanza na matope mpaka magotini. Mama alikuwa dirishani.

"Umepanda kwa musitari?" aliniuliza.

Nilimwambia ndiyo, kwa mstari. Mtu yeyote wa kwetu akipita pale atajua kwamba udongo ule una mwenyewe.

Sijamwambia mama kitu kimoja. Kila Jumamosi nikimaliza kulifunika shina la pili, ninabaki nimechutama kwanza, mgongo wangu umeelekea mahali mzee alipokuwa akiweka kiti, ninasikiliza kama kuna mtu anakuja na panga. Kisha ninainuka, nakwenda kuchota maji.